Shajara ya mradi: kushusha gia kwa kisigino na kidole kwenye Corolla 110, Nakuru

Jumamosi, 11 Januari 2025. Gari, lengo na kipimo cha kwanza

Nimeanza kujifunza kushusha gia huku breki imeshikwa, breki na akseleta (pedali ya mafuta) zote zikikanyagwa na mguu wa kulia. Sehemu ya mbele ya mguu inakaa kwenye breki, na ubavu wake au kisigino kinagusa mafuta. Watu wa mbio huita kisigino na kidole. Nitaandika kila hatua ikikamilika ili mwenye gari la gia za mkono akitaka kuiga ajue nilipita wapi na iligharimu nini.

Sababu yenyewe ni hii. Unakaribia kona ukiwa gia ya nne, unashika breki, na ukitaka gari litoke kwenye kona likiwa na nguvu lazima uwe umefika gia ya tatu au ya pili. Ukiachia klachi wakati injini imelala, magurudumu ndiyo yanalazimika kuiamsha. Gari linashtuka. Langu linavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo mshtuko huo unakula mshiko wa tairi zilezile zinazofanya kazi ya breki na usukani, na gari linakataa kukata kona. Kwa gari linalosukumwa kutoka nyuma ni hatari zaidi, maana nyuma ndiyo inayoteleza. Dawa ni kupiga resi kidogo klachi ikiwa chini, injini ipande hadi mwendo ambao gia mpya inautaka, halafu ndipo uachie. Ugumu wote uko kwenye kufanya hivyo bila breki kulegea.

Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A-FE ya sisi 1500, gia tano za mkono. Akseleta yake inavuta waya wa kawaida, na hilo ni muhimu. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana akseleta ya umeme, na kompyuta yake hukata mafuta ukikanyaga breki na akseleta pamoja. Kama lako ni la aina hiyo, lijaribu kwanza likiwa limesimama kabla hujatumia hata shilingi moja.

Leo nimekaa ndani ya gari hapa nyumbani Kiamunyi, injini imezimwa, na rula mkononi. Nimekanyaga breki kwa nguvu na kupima: uso wa breki uko milimita 50 juu ya uso wa akseleta. Kati ya ukingo wa breki na ukingo wa akseleta kuna pengo la milimita 70. Mguu wangu hauwezi kufika kote kuwili. Nimeenda jua kali nikachongewa kipande cha mbao ngumu chenye unene wa milimita 40, kikafungwa kwenye akseleta kwa bolti mbili. Fundi sh. 500, bolti sh. 80.

Jumapili, 12 Januari. Kipande kimetolewa

Rafiki wa familia ana yadi ya malori Lanet, lami tupu, na Jumapili hakuna gari hata moja. Urefu wake nilioupima kwa hatua ni kama mita 180. Amekubali nifanyie mazoezi pale kila Jumapili asubuhi. Barabarani sitajaribu jambo hili mpaka liwe mazoea.

Niliondoka taratibu, nikafika kilomita 40 kwa saa, nikashika breki kawaida tu. Injini ikalia. Nilikuwa nimekanyaga breki na mafuta pamoja bila kukusudia, na gari lilikuwa likisukuma huku nikilizuia. Niliinua mguu, nikakanyaga klachi, nikashika breki tena kwa ncha ya mguu. Lilisimama nikiwa bado na nafasi kubwa mbele yangu, lakini mikono ilikuwa inatetemeka.

Kosa lilikuwa kwenye kipimo. Breki za gari hili zinasaidiwa na busta ambayo hutegemea uvutaji wa hewa kutoka kwa injini. Injini ikizimwa, ukikanyaga mara mbili tatu ule uvutaji unakwisha, pedali inakuwa ngumu kama jiwe na inabaki juu. Ile milimita 50 niliyopima ilikuwa ya pedali iliyogoma. Injini ikiwaka, pedali ileile inashuka mbali zaidi, na mbao yangu ikawa imeisimamia juu.

Nimefungua bolti palepale yadini. Hadi leo nimetumia sh. 580, na hakuna kinachofaa kubaki garini.

Jumamosi, 18 Januari. Kupima upya

Safari hii nilimwomba mke wangu akae kiti cha dereva, injini iwe inanguruma, gia iwe huru na handbreki juu. Nilimwambia akanyage kama vile mtoto ameingia barabarani ghafla. Mimi nilipiga magoti mlangoni na rula. Uso wa breki ulikaa milimita 22 juu ya akseleta. Yaani pedali ilishuka milimita 28 zaidi ya nilivyopima wiki iliyopita. Tulirudia mara tano, na tofauti haikuzidi milimita 2.

Ukiniuliza kipimo kimoja tu cha kuchukua kutoka kwenye shajara hii, chukua hicho: injini iwake, breki ikanyagwe kwa nguvu ya kona, ndipo upime. Akseleta ibaki chini ya breki, hata kama ni kwa milimita chache. Ikiizidi, gari hilo si salama hata kwa kwenda dukani.

Nimetengenezewa kibati cha alumini badala ya mbao. Kinainua akseleta kwa milimita 15, kwa hiyo breki inabaki juu kwa milimita 7. Kimenyooshwa pia milimita 25 kuelekea kushoto ili kupunguza lile pengo. Bolti zake zina nati za kukaza kwa mkono, maana gari hili si langu peke yangu. Mke wangu hulitumia kwenda kazini Njoro, na sitaki akute pedali asiyoizoea. Nimetoa pia mkeka wa sakafuni upande wa dereva, ili kibati kisishike pindo lake na akseleta ikakwama chini. Kila nikikifunga, nakanyaga akseleta mara kumi injini ikiwa imezimwa, niione ikirudi yenyewe.

Alumini na kazi, sh. 900. Jumla sh. 1,480.

Jumapili, 26 Januari. Resi peke yake, bila breki

Nimegawanya somo vipande vitatu: kulinganisha mwendo wa injini na gia, kisha mguu wa breki, kisha vyote pamoja. Leo ni kipande cha kwanza.

Kabla ya kuanza nilitaka kujua resi ni kiasi gani. Nilisoma saa ya mizunguko nikiwa kilomita 60 kwa saa: gia ya nne injini inazunguka mara 2,000 hivi kwa dakika, ya tatu 2,700, ya pili 3,900. Ukitoka nne kwenda tatu unahitaji kuongeza kama thuluthi moja. Ukitoka tatu kwenda pili unahitaji kuongeza karibu nusu. Uwiano huo haubadiliki hata mwendo ukiwa mwingine, kwa sababu ni wa meno ya giaboksi. Kwa kilomita 45, tatu ni 2,000 na pili ni 2,900.

Zoezi: kilomita 45, gia ya tatu, klachi chini, gia ya pili, piga resi, achia klachi. Nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyofaulu. Nilikuwa nakodolea macho sindano, nasubiri ifike 2,900, halafu naachia. Ikifika machoni mwangu, injini ilikuwa imeshapita na kuanza kushuka, na gari linainama pua.

Jioni nilimpitia mzee jirani yangu aliyeendesha malori kutoka Mombasa hadi Malaba miaka mingi. Nilijua malori aliyoanzia hayakuwa na sinkro, kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, kwenye giaboksi. Kushusha gia ilikuwa lazima ukanyage klachi, utoe gia, uachie klachi, upige resi, ukanyage klachi tena, ndipo gia iingie. Alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Kijana, wewe unangoja sindano. Sindano inachelewa. Sikiliza."

Nilimuuliza, "Mzee, nasikiliza nini hasa?"

"Unajua sauti ya injini ukiwa gia ya pili kwenye mwendo huo? Basi ipandishe mpaka uisikie hiyo sauti. Sisi kushuka kutoka Mau Summit mpaka Salgaa na mzigo, nani angekuwa na muda wa kutazama saa? Gia ikikukataa pale, unabaki huru na tani zote zinakusukuma."

Nilikaa nikifikiria mteremko ule, ambao kila mtu wa Nakuru anaujua kwa malori yaliyoishiwa breki. Kwangu hii ni hobi ya Jumapili. Kwake ilikuwa ni kufika nyumbani.

Petroli lita 10, kila lita karibu sh. 176, jumla ya matumizi sasa sh. 3,240.

Jumapili, 2 Februari

Nimefunika saa ya mizunguko kwa karatasi. Kabla ya kila zoezi naendesha kidogo gia ya pili kwa kilomita 45, nachukua sauti yake, kisha napanda ya tatu na kuanza. Baada ya nusu saa gia zilianza kuingia bila gari kutikisika. Nikikosea, nakosea kwa kupiga resi nyingi mno kuliko chache, na hilo afadhali: gari linasukuma kidogo mbele badala ya kukwama.

Jambo la kuongezea kwa walio nyanda za juu kama sisi. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Busta nayo inasukumwa na hewa ileile, kwa hiyo msaada wake unapungua. Ukipima pedali zako Nakuru kisha ushuke Mombasa, pima tena.

Jumapili, 9 Februari. Mguu wa breki na chupa ya maji

Kipande cha pili ndicho nilichokidharau, na ndicho kilichonichukua muda mrefu.

Nilihitaji kuona kama breki inatikisika. Nikachukua chupa ya maji ya nusu lita, nikaijaza nusu, nikailaza kwenye dashibodi kwa urefu wa gari na kuifunga kwa selotepu. Nilichora mistari kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito. Simu ikawekwa pembeni inarekodi. Ukishika breki, maji yanapanda upande wa mbele wa chupa. Yakiinama kwa nyuzi 17 hivi, gari linapunguza mwendo kwa nguvu ya kama asilimia 30 ya uvutano wa dunia, breki ya wastani. Nguvu ya mguu ikibaki ileile, mteremko wa maji unatulia. Mguu ukilegea hata kidogo, maji yanarudi nyuma, na huwezi kubishana nayo.

Nilianza kwa kushika breki kutoka kilomita 60 bila kugusa gia wala mafuta. Nilidhani hilo nalijua, miaka 14 na leseni. Kwenye video, maji hayakutulia hata mara moja katika mara kumi za kwanza. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga, unalegeza, unakanyaga. Ndivyo tunavyoendesha mjini na matatu zinasimama mbele yako bila taarifa. Saa nzima imeenda kwenye kushika breki tu.

Nimebadilisha viatu pia. Buti nilizovaa zilikuwa na soli nene na sikuhisi pedali inakoanza kuuma. Raba za soli nyembamba, sh. 700, zimesaidia siku hiyohiyo. Pamoja na petroli nimefika sh. 5,700.

Jumapili, 16 Februari. Vyote pamoja, na kitu kimevunjika

Mara ya kwanza nilipounganisha, maji kwenye chupa yaliruka kama yako kwenye sufuria inayochemka. Nimerudi kwenye video nikiwa nimetulia na naona makosa matatu, kila moja na dawa yake.

La kwanza ni jina lenyewe. Nilikuwa najaribu kugusa mafuta kwa kisigino, kama jina linavyosema. Kwa pedali za Corolla ilinibidi nipinde goti kwa nje mpaka nyonga ikauma, na kila nikipinda, breki inalegea. Kinachofanya kazi kwenye gari hili ni kuweka ile nyama iliyo chini ya kidole gumba kwenye ukingo wa kulia wa breki, halafu kulaza kifundo cha mguu kulia ili upande wa kidole kidogo ubonyeze kibati. Kisigino hakiendi popote. Kwenye magari ambayo akseleta imefungwa sakafuni, kisigino kinaweza kufaa. Jaribu mguu wako na pedali zako.

La pili ni kiti. Nilikuwa mbali. Mguu ukiwa umenyooka, kifundo hakizunguki bila nyayo nzima kuvutika. Nilisogeza kiti mbele notchi mbili, goti likapinda, na ghafla mguu ukawa na uhuru.

La tatu ni kushika breki kwa woga. Nilidhani nikianza polepole ndiyo nitajifunza vizuri. Lakini ukishika breki kidogo, pedali inabaki juu na mafuta yako chini sana, mguu haufiki. Ukishika kwa nguvu inayofaa, pedali inashuka hadi pale tulipopima, na mafuta yanakuwa pale pale ubavuni mwa mguu. Breki nzito ni rahisi kuliko breki nyepesi. Sikutarajia hivyo.

Na resi yenyewe iwe ya kugusa na kuacha, kama unavyogusa sufuria kujua kama imepoa. Nilikuwa nabonyeza na kushikilia.

Zoezi la 30 hivi, nikiwa nimechoka, niliachia klachi bila resi ya kutosha, na chini ya gari kukapiga "tak". Kila nikiachia klachi baadaye, "tak" nyingine. Nilisimama. Nilipofungua boneti na mke wangu akawa anaingiza gia ya kwanza na kurudi nyuma, injini ilikuwa inayumba kama mtu anayekataa. Mauntingi ya nyuma, raba inayoshikilia injini, imepasuka.

Jumamosi, 1 Machi. Mauntingi

Fundi alinionyesha raba: mpasuko wa zamani uliojaa vumbi, na mpya juu yake wenye rangi nyeusi safi. Ilikuwa inakaribia kufa, mimi nikaimalizia. Kila ukikosea kushusha gia, mshtuko unapita kwenye klachi, giaboksi, ekseli na mauntingi. Anayeanza mazoezi haya na gari la umri huu azitazame mauntingi kabla, sio baada.

Nilichukua iliyotoka Japani ikiwa imetumika, raba yake haina nyufa, sh. 3,200. Kazi sh. 800. Jumla kuu, pamoja na petroli ya Jumapili ya tarehe 16, sh. 11,460.

Nimejiwekea pia kikomo: mazoezi 20 kwa siku, basi. Makosa yangu yote makubwa kwenye video yako baada ya la 20.

Jumapili, 16 Machi

Jumapili mbili za yadini, mara 20 kila moja. Jumapili iliyopita, mara 9 maji yalitulia kuanzia mwanzo wa breki hadi gia kuingia. Leo mara 14. Petroli imefanya jumla iwe sh. 14,980.

Jumapili, 23 Machi. Naivasha

Nimeenda na ndugu zangu wawili kutazama siku ya mwisho ya Safari Rally, ambayo Elfyn Evans ameshinda. Nilikuwa na hamu ya kusikiliza tu, sikio langu sasa limebadilika. Magari ya Rally1, daraja la juu kabisa la mbio hizo, yana gia za kufuatana zinazovutwa kwa mkono, klachi inahitajika hasa wakati wa kuondoka, na mguu wa kushoto uko huru kwa breki. Hakuna kisigino na kidole pale. Lakini msafara wa madereva wa kwetu wenye magari ya zamani ulipopita, kuna mmoja aliyeshusha kutoka nne hadi pili mbele yetu kwenye vumbi, resi mbili safi, gari halikuinamisha pua hata chembe. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu.

Jumamosi, 5 Aprili. Uwanjani

Tuliondoka Nakuru saa kumi na nusu alfajiri, tukafika Athi River kwenye uwanja wa Whistling Morans. Nilipitisha gari kwa wenzangu walione, nikafunga kibati, nikakanyaga akseleta mara kumi kama kawaida.

Vipindi viwili vya kwanza nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuificha. Uwanja una kona za kubana, na gia ya tatu kwenda ya pili ndiyo kazi ya siku nzima. Kona moja baada ya nyingine gari liliingia limetulia, injini tayari imeamka, nami nikawa na akili ya kutazama kona badala ya miguu yangu. Kosa moja tu: nilishusha mapema mno, nikiwa bado kama kilomita 95, na pili kwa mwendo huo ni zaidi ya mizunguko 6,000. Tairi za mbele zililia na sindano ikagusa nyekundu. Tangu hapo nasubiri. Breki kwanza, breki tena, gia mwishoni kabisa karibu na kukata usukani. Gia haipo kwa ajili ya kusimamisha gari.

Kipindi cha tatu, mzunguko wa sita, nilishika breki na pedali ikaenda. Haikugoma, ilizama, laini kama kukanyaga godoro. Na ubavu wa mguu wangu, ambao haukuwa umesogea popote, ukakutana na kibati. Injini ikapanda nikiwa kwenye breki, sauti ileile ya tarehe 12 Januari.

Nilivuta mguu, nikaukanyaga tena kwa ncha, nikapampu mara tatu, pedali ikapanda kidogo. Niliacha kona, nikanyoosha usukani, gari likatoka kwenye lami likasimama kwenye majani. Hakuna kilichoguswa. Nilikaa na mikono kwenye usukani mpaka mwenzangu akaja kugonga dirisha.

Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka. Sijui yaliwekwa lini; tangu nilinunue gari nilikuwa naongeza tu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, ndiyo maana pedali inazama. Wiki zote nilikuwa nimepima pedali mpaka milimita, na sikufikiri kwamba siku moja pedali yenyewe ingehama. Ile nafasi ya milimita 7 ilikuwa sahihi kwa breki baridi peke yake.

Nilitoa kibati na kuendesha kurudi nyumbani baada ya breki kupoa kabisa na pedali kurudi juu, taratibu, mkono wa kushoto wa barabara njia nzima. Siku yote, na ada, mafuta na chakula, sh. 11,400.

Jumamosi, 19 Aprili. Mafuta mapya, kipimo kipya

Fundi alipofungua nipeli (skrubu ya kutolea mafuta ya breki) ya gurudumu la nyuma kushoto, kilichotoka kilikuwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Tumetumia lita nzima ya DOT 4, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka kila mrija ukatoa mafuta ya rangi ya mafuta ya kupikia. DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, na inachanganyika na ile ya zamani bila shida. Usichukue DOT 5 hata ukiikuta dukani. Ni ya silikoni na haipatani na hizi. Pedi za mbele zilikuwa zimeungua zikang'aa kama kioo, nimebadilisha. Mafuta sh. 1,300, pedi sh. 3,400, kazi sh. 700. Jumla ya mradi sh. 31,780.

Kisha tukapima tena, mke wangu kwenye kiti, mimi magotini mlangoni. Pedali inakaa juu zaidi kuliko Januari: milimita 25, sio 22. Ningeweza kuongeza unene wa kibati niirudishe ile milimita 7 niliyoizoea. Nimefanya kinyume. Nimekipunguza kutoka milimita 15 hadi 11, sasa kuna nafasi ya 14. Mguu unalazimika kulala zaidi kulia, na leo asubuhi Lanet nimefaulu mara 11 tu kati ya 20. Jumapili zijazo ni za kulizoesha hilo.

Nimeongeza pia zoezi moja ambalo ningelipenda kila anayeiga aanze nalo. Kwenye breki kumi za mwisho mke wangu alikaa pembeni, na bila kunijulisha, kwenye moja au mbili anasema "acha". Nikisikia, mguu unatoka kwenye mafuta, klachi chini, breki kwa ncha hadi gari lisimame. Mara ya kwanza nilichelewa, injini ikalia. Mara ya pili maji kwenye chupa hayakutikisika.

Kibati kiko kwenye droo ya jikoni. Jumatatu ni sikukuu, Jumanne gari linaenda Njoro.